Umati, Balagha na Jina la Mtu: Tanzia ya Julius Caesar Katika Filamu ya Mankiewicz

Utangulizi

Filamu inayotokana na tamthilia huhakikiwa mara nyingi kwa kigezo cha uaminifu: je, mwelekezi ameifuata matini asilia au ameipotoa? Swali hilo lina manufaa yake, lakini halifiki mbali. Tamthilia huandikwa ili itamkwe mbele ya watu waliokusanyika mahali pamoja, na kila mmoja wao yuko huru kumtazama mhusika amtakaye. Filamu hutazamwa kupitia jicho moja tu, la kamera, ambalo limekwisha kuchagua kitakachoonekana na kitakachofichwa. Hivyo, hata pale ambapo filamu haikugeuza neno lolote la mtunzi, imekwisha kuamua hadhira isimame upande gani. Suala hili lina uzito wa pekee katika tanzia ambayo kiini chake ni uhusiano baina ya msemaji na umati unaomsikiliza.

Makala haya yanaichunguza filamu ya Julius Caesar iliyoelekezwa na Joseph L. Mankiewicz na kutayarishwa na John Houseman kwa kampuni ya MGM mwaka 1953. Hoja inayojengwa ni kwamba filamu hiyo imefaulu sana kuufichua ufundi wa balagha ya kisiasa, lakini imefaulu kwa gharama. Imemwonyesha mtazamaji jinsi umati unavyochochewa, ikamwonyesha pia viongozi wakitia alama majina ya watakaouawa, ila imeliacha onyesho la mtu asiye na hatia anayeuawa kwa sababu ya jina lake. Pengo hilo si dogo. Ndilo linaloamua ni tanzia ya nani inayosimuliwa.

Matini na Miktadha Yake

Shakespeare aliitunga tamthilia hii kutokana na maandishi ya Plutarch, aliyoyasoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Thomas North iliyotoka mwaka 1579. Mgeni kutoka Uswisi, Thomas Platter, aliiona ikiigizwa London mwaka 1599. Uingereza ya wakati huo ilikuwa na malkia mzee asiye na mtoto, na swali la nani angeirithi enzi lilikuwa la hatari kulitamka hadharani. Kisa cha Roma kilimpa mtunzi nafasi ya kuuliza kwa mbali kile kisichoweza kuulizwa kwa karibu: je, kumuua mtawala kabla hajawa dhalimu kunaiokoa jamhuri au kunaiangamiza?

Uwezo huo wa kisa cha Roma kuzungumzia mambo ya siku nyingine umewavutia wasanii wengi. Mwaka 1937, katika jiji la New York, Orson Welles na John Houseman walikizindua kikundi chao cha Mercury kwa kuiigiza tamthilia hii katika mavazi ya kisasa. Wafuasi wa Caesar walivaa sare zilizofanana na za mafashisti wa Ulaya, na taa zilirusha miale wima kutoka sakafuni kama ilivyofanyika katika mikutano ya Manazi mjini Nuremberg. Onyesho lililowagusa watazamaji kuliko mengine yote lilikuwa lile la mshairi Cinna, lililoigizwa na Norman Lloyd, ambapo mtu mpole anazingirwa na genge hadi anamezwa na giza.

Houseman huyohuyo ndiye aliyekuja kuitayarisha filamu ya 1953. Safari hii Roma ilirudishiwa mavazi yake ya kale, lakini kumbukumbu ya mwaka 1937 haikufutika. Filamu ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe wakati ambapo Hollywood ilikuwa ikizitumia rangi kamili kwa filamu za kale kama Quo Vadis ya mwaka 1951. Houseman alieleza kwamba uchaguzi huo ulikusudiwa kuwakumbusha watazamaji filamu za habari walizokuwa wameziona, zenye viongozi wanaohutubia halaiki kutoka roshani. Kwa hiyo ukale wa mavazi na upya wa picha vinavutana tangu mwanzo, na mvutano huo ndio unaoipa filamu nguvu yake.

Muktadha wa pili ni wa Hollywood yenyewe. Mwaka 1947 waandishi na waelekezi kumi walikataa kuijibu kamati ya bunge la Marekani iliyokuwa ikiwahoji watu kuhusu ukomunisti, na mwaka 1950 wakafungwa jela. Tarehe 9 Februari mwaka huohuo, seneta Joseph McCarthy alihutubia mjini Wheeling akidai kuwa mkononi mwake alikuwa na orodha ya wakomunisti walioajiriwa katika wizara ya mambo ya nje. Mankiewicz naye alionja hali hiyo. Akiwa rais wa chama cha waelekezi, aliandamwa na kundi la Cecil B. DeMille lililotaka kumwondoa kwa sababu alipinga kiapo cha lazima cha utiifu. Mzozo huo uliamuliwa katika mkutano wa usiku wa tarehe 22 Oktoba 1950, ambapo wanachama walisikiliza hotuba kwa saa nyingi na hatimaye wakamuunga mkono. Si lazima filamu isomwe kama fumbo la mkasa huo. Hata hivyo, ni wazi kwamba mwelekezi aliyelipiga onyesho la uwanjani alikuwa amekwisha kuona hatima yake mwenyewe ikining'inia kwenye maneno yanayosemwa mbele ya kikao.

Sauti Mbili Uwanjani

Kitovu cha tamthilia ni onyesho la pili la tendo la tatu, ambapo Brutus na Antony wanauhutubia umma wa Roma kwa zamu. Shakespeare amewatofautisha kwa umbo la lugha. Brutus anasema kwa nathari iliyopangwa kwa mizani ya mantiki: sentensi zake zinalingana, sababu inafuatwa na tokeo, na swali linakuja likiwa na jibu lake. Antony anasema kwa ushairi unaokatika, unaorudi nyuma, unaojifanya umeshindwa kuendelea. Brutus anawaomba watu wahukumu. Antony anawaomba wahisi. Kinaya ni kwamba hotuba ya Brutus, ambayo ni ya haki zaidi, haieleweki. Mmoja wa wasikilizaji wake anapendekeza Brutus afanywe Caesar. Mtu aliyeua ili ufalme usiwepo anatunukiwa ufalme na watu wanaodhani wamemwelewa.

Filamu imeuhamisha mkinzano huo wa umbo hadi katika uigizaji. James Mason, aliyemwigiza Brutus, anasimama juu ya ngazi akiwa ametulia, sauti yake ikitoka kifuani bila kupanda sana. Ni sauti ya mtu anayefikiri, na udhaifu wake ni huohuo: anafikiri mbele ya watu badala ya kufikiri pamoja nao. Kabla hajamaliza, Antony anatokea juu ya ngazi akiwa ameubeba mwili wa Caesar mikononi. Hajasema neno, lakini macho ya umati yamekwisha kuhama. Katika sinema, kinachoonekana hutangulia kinachosikika, na Mankiewicz analijua hilo sawasawa na Antony.

Marlon Brando alikuwa chaguo lililowashangaza wengi. Alikuwa amejulikana kwa sauti ya kunung'unika katika A Streetcar Named Desire, mchezo alioigiza jukwaani tangu mwaka 1947 na katika filamu mwaka 1951. Kwa upande mwingine, John Gielgud, aliyemwigiza Cassius, alikuwa bingwa wa jukwaa la Uingereza na alikuwa amemwigiza mhusika huyohuyo mjini Stratford mwaka 1950. Tofauti ya malezi yao ya kisanaa ingeweza kuivuruga filamu. Badala yake imetoa maana. Cassius wa Gielgud anasema kana kwamba kila silabi imepimwa. Ndiye mwanasiasa wa faragha, mwenye kumshawishi mtu mmoja mmoja penye ukuta na kivuli. Antony wa Brando anaanza kwa sauti ya kukwaruza inayopigana na kelele za watu, kama mtu ambaye hakujiandaa. Usemaji wake una mwili ndani yake, na kwa hiyo unaaminika. Jamhuri ya waungwana wenye lafudhi nzuri inapinduliwa na sauti inayofanana na ya mtu wa mtaani.

Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni lile linalofanyika Antony anapodai kuwa moyo wake uko ndani ya jeneza, na kwamba hana budi kunyamaza kidogo. Jukwaani, mwigizaji anaweza kulia kweli au kujifanya kulia, na hadhira ikabaki na shaka. Katika filamu, Antony anaupa umati mgongo, na kamera inamwelekea usoni. Nyuma yake watu wananong'ona; mbele yake tuko sisi watazamaji. Uso wake hauna machozi. Anasikiliza. Anapima maneno yake yameingia kwa kina gani kama mvuvi anayeusikiliza mshipi. Kwa pigo moja la kamera shaka yote imeondolewa: mtazamaji amefanywa mshiriki wa siri ambayo umati wa Roma haujui.

Uamuzi huo una faida kubwa ya kimaadili, kwa kuwa unamfundisha mtazamaji kuitilia shaka balagha, hata ile inayomsisimua. Wosia wa Caesar unadhihirisha hilo. Antony anautaja, anakataa kuusoma, anauonyesha, anauahirisha, na hatimaye anausoma: kila raia atapata drakma 75, na bustani za Caesar zitakuwa mali ya umma. Nguvu ya karatasi ile haikutokana na maandishi yake. Ilitokana na kuwa mkononi mwa msemaji huku wasikilizaji hawajaisoma. Watazamaji wa Marekani wa mwaka 1953 walikuwa na sababu ya kulitambua tendo la mwanasiasa kuinua karatasi na kudai kwamba ndani yake mna jambo la kutisha.

Hata hivyo, faida hiyo ina upande wake wa pili. Kwa kuwa mtazamaji amewekwa upande wa anayejua, umati umewekwa upande wa wajinga. Haumo tena ndani yetu. Uko kule, nyuma ya mgongo wa Antony. Katika ukumbi wa London wa mwaka 1599, wengi wa watazamaji walisimama wakilizunguka jukwaa, nao walihutubiwa moja kwa moja kana kwamba ndio Waroma. Waliposhawishiwa na Brutus kisha na Antony, walionjeshwa wepesi wao wenyewe wa kugeuka. Filamu imetupa werevu na kutunyang'anya uchungu wa kujitambua.

Sanamu, Kiti na Orodha

Baada ya ghasia, filamu inahamia katika onyesho ambapo Antony, Octavius na Lepidus wanaamua nani atauawa. Shakespeare alililiandika kwa ufupi wa kutisha. Lepidus anakubali kufa kwa ndugu yake, na Antony anakubali kufa kwa mtoto wa dada yake, kama watu wanaobadilishana bidhaa. Kinachofuata katika tamthilia ni kinaya kikali zaidi: Antony anamtuma Lepidus akaulete ule wosia wa Caesar ili watazame namna ya kuupunguza. Zawadi iliyowatoa watu machozi inakatwa makali kabla haijawafikia.

Mankiewicz ameongeza jambo lisilokuwemo katika matini. Wenzake wanapoondoka, Antony anabaki peke yake. Anajinyoosha kama mtu aliyemaliza kazi ya kutwa, anaigeuza sanamu ya Caesar imwelekee, kisha anakaa kitini. Hakuna neno linalosemwa. Tangu mwanzo wa filamu, sanamu za Caesar zimekuwa zikitazama kila kinachotendeka, na hapa ishara hiyo inafikia kilele chake: Caesar amekufa, lakini kiti chake hakikufa. Maneno ambayo Brutus aliyasema kabla ya mauaji, akitamani kuiua roho ya Caesar bila kuumwaga mwili wake, yanapata jibu la kejeli. Mwili ndio uliouawa, na roho ndiyo iliyoketi.

Aidha, watazamaji wa Brando wa wakati huo walikuwa wamekwisha kumwona na orodha nyingine. Katika Viva Zapata! ya mwaka 1952, iliyoelekezwa na Elia Kazan, Brando anamwigiza kiongozi wa wakulima wa Mexico ambaye, akiwa ameshika madaraka, anajikuta akizungushia duara jina la mkulima aliyethubutu kumpinga, kama dhalimu aliyemtangulia alivyolizungushia jina lake. Anashtuka, na anakiacha kiti. Mwaka huohuo, mwezi wa Aprili, Kazan mwenyewe alizitajia mamlaka majina ya wenzake wa zamani. Antony wa mwaka 1953 hashtuki. Analitia jina alama na kuendelea na mazungumzo. Filamu hizi mbili zikiwekwa bega kwa bega, inadhihirika kwamba suala la jina na orodha lilikuwa limeisumbua mno sanaa ya Hollywood ya miaka ile.

Mshairi Aliyeachwa

Baina ya hotuba ya Antony na onyesho la orodha, Shakespeare aliweka onyesho fupi. Mshairi aitwaye Cinna ameota kwamba anakula karamu na Caesar, na ingawa hataki kutoka nje, anatoka aende mazishini. Anakutana na kundi la watu. Wanamwuliza jina lake, aendako, anakokaa, kama ana mke. Anajibu. Jina lake ni sawa na la mmoja wa waliokula njama. Anawaambia kwamba yeye ni mshairi, si yule mwingine, na mmoja wao anasema basi auawe kwa ubaya wa mashairi yake. Anauawa. Onyesho hili halimo katika filamu ya mwaka 1953.

Inaweza kutetewa kwamba kila filamu inayotokana na tamthilia hupunguza, na kwamba filamu hii ya takriban saa mbili imepunguza kwa hekima. Mtetezi angesema pia kwamba baada ya kilele cha hotuba, onyesho dogo lenye mhusika mpya lingeipoozesha kasi, na kwamba ghasia zenyewe zimekwisha kuonekana. Utetezi huo una mantiki upande wa msuko. Lakini kinachopimwa hapa ni mzani wa maana, na upande huo hoja yake inapungua nguvu kwa sababu tatu.

Kwanza, onyesho la Cinna ndilo linaloigeuza balagha kuwa damu. Bila ya kifo hicho, uchochezi wa Antony unabaki kuwa ustadi unaovutia. Mtazamaji anaukubali kwa kichwa kuwa mwovu, lakini kwa moyo anaufurahia, na uso mzuri wa Brando unaizidisha furaha hiyo. Mtu mmoja mwenye jina, mwenye ndoto, aliyekuwa njiani kwenda kumlilia Caesar, angetosha kuikatiza furaha hiyo. Anayeuawa kwa niaba ya Caesar ni rafiki wa Caesar.

Pili, onyesho hilo hutangulia lile la orodha kwa makusudi ya kiusanifu. Umma unamwua mtu kwa jina bila kujali yeye ni nani. Mara baada yake viongozi wanawaua watu kwa majina huku wakijua vizuri wao ni nani. Shakespeare anaziweka fujo na serikali katika sentensi moja, na anauliza iwapo kuna tofauti. Filamu imebaki na nusu ya pili ya sentensi hiyo. Matokeo yake ni kwamba uovu unaonekana kuwa sifa ya wakubwa waliojifungia chumbani, ilhali katika matini uovu huo umekwisha kupita barabarani, mikononi mwa watu wa kawaida.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi, hoja ya jina ilikuwa hai mno katika Marekani ya miaka ile. Waandishi walipoteza kazi kwa kuwa majina yao yalitajwa, au kwa kuwa yalifanana na yaliyotajwa, au kwa kuwa walikataa kuyataja ya wenzao. Mshairi anayejieleza barabarani mbele ya watu wasiotaka maelezo angekuwa ndiye mhusika wa karibu zaidi na wakati huo. Haifai kudai kwamba aliondolewa kwa hofu. Msuko wa filamu una sababu zake nyingi. Inatosha kuona kilichotokea: mwaka 1937 Houseman alishiriki katika utayarishaji ambao moyo wake ulikuwa mshairi huyo, na mwaka 1953 filamu yake ikawa na orodha bila ya mtu aliyemo orodhani.

Msomaji wa Kiswahili na Cinna

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana njia yao ya kuifikia tamthilia hii. Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na kuichapisha mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kwamba mtafsiri huyo alikuwa mwenyewe mkuu wa nchi, na msemaji hodari wa majukwaani, ni jambo linalotajwa kila mara kama ajabu ya kihistoria. Huenda linastahili kuchukuliwa kama changamoto ya kiuhakiki. Kiongozi aliyeyapatia uhuru wa nchi yake njia ya maneno alichagua kuifikisha kwa wananchi wake tamthilia inayowaonya wasiyaamini maneno ya viongozi upesi. Anayeisoma tafsiri yake anakutana na umati usiotenganishwa naye kwa kamera. Hakuna picha ya karibu inayomnong'oneza kwamba Antony anadanganya. Ni lazima alitambue hilo katika maneno yenyewe, kwa juhudi yake, na huenda akachelewa.

Ulinganisho huu hauipandishi tafsiri wala kuishusha filamu. Unaonyesha tu kwamba matini moja inaweza kumweka mpokeaji mahali pawili tofauti. Wanafunzi wanaotazama filamu ili kurahisisha usomaji wa tamthilia wanapaswa kulijua hilo, kwani wanachopewa na filamu tayari ni uhakiki wa tamthilia, wenye msimamo wake.

Hitimisho

Filamu ya Mankiewicz inabaki kuwa miongoni mwa kazi adilifu zaidi zilizotokana na Shakespeare katika Hollywood ya zamani. Iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora, na Brando akateuliwa kuwa mwigizaji bora. Tuzo iliyoipata ilikuwa ya usanifu wa mandhari. Imeyaheshimu maneno, imewaunganisha waigizaji wa malezi tofauti, na imeiweka kamera mahali ambapo jukwaa haliwezi kufika: mbele ya uso wa mchochezi wakati anapodhani hatazamwi. Hakuna hotuba ya kisiasa inayoweza kusikilizwa kwa utulivu uleule na mtu aliyeliona onyesho hilo.

Lakini tanzia humdai mtazamaji zaidi ya tahadhari. Humdai ajiulize angesimama wapi. Filamu imetuweka juu ya ngazi, pamoja na Antony, tukiutazama umati uliogeuziwa mgongo. Shakespeare alikuwa ametuweka chini, barabarani, ambapo mtu anakuja akiwa peke yake, na sisi ndio tunaomwuliza jina lake.